Lugha Moja, Mataifa Mawili: Gharama ya Kudhani Kwamba Tumeelewana

Katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Winston Churchill anasimulia mvutano uliozuka kati ya wakuu wa kijeshi wa Uingereza na wenzao wa Marekani. Waingereza walikuwa na waraka waliotaka ujadiliwe bila kuchelewa, wakawaarifu wenzao kwamba wanakusudia kuuweka mezani. Kitenzi walichokitumia ni "table". Wamarekani wakapinga vikali, kwa kuwa wao waliuona waraka huo kuwa muhimu mno. Kwa Mmarekani, kuuweka waraka mezani ni kuutia kwenye droo na kuusahau. Yakafuata mabishano marefu, tena yenye hasira ndani yake, kabla ya pande zote mbili kugundua kwamba tangu mwanzo zilikuwa zikitaka jambo lile lile.

Msomaji anayefuatilia vikao vya Bunge letu la Tanzania atajikuta yuko upande wa Waingereza bila kushawishiwa. Katika shughuli za Bunge tuna kipengele cha hati za kuwasilisha mezani, na hakuna mbunge anayedhani kwamba hati iliyowasilishwa mezani ndiyo imezikwa. Maana hiyo tuliirithi kutoka Westminster pamoja na siwa na joho la Spika. Lau tungetawaliwa na Washington badala ya London, pengine neno hilo hilo lingetufundisha kinyume chake.

Kisa cha Churchill husimuliwa kama kichekesho. Mimi nakisoma kama onyo. Hoja ninayotaka kuijenga katika makala haya ni kwamba tofauti za lugha na desturi za kila siku kati ya Waingereza na Wamarekani si vituko vya matamshi tu, wala si ushahidi kwamba upande mmoja unajua Kiingereza na mwingine umekiharibu. Ni zao la historia: maamuzi ya kisiasa, matabaka ya jamii na mizani ya nguvu kati ya mataifa. Na kwa kuwa tofauti hizo zimejificha ndani ya lugha inayodhaniwa kuwa moja, hakuna anayeita mkalimani. Mara nyingi gharama ya kutoelewana huko hawailipi waliozungumza, bali huwaangukia watu walio chini yao.

Uhuru ulioandikwa katika kamusi

Tuanze na mwaka 1783. Ndio mwaka ambao Uingereza ilitia saini mjini Paris mkataba wa kuutambua uhuru wa Marekani, na ndio mwaka ambao mwalimu mmoja kijana wa Connecticut, Noah Webster, alichapisha kitabu cha kuwafundisha watoto tahajia. Matukio hayo mawili hayakukutana kwa bahati tu. Webster aliamini kwamba taifa lililojitenga kwa bunduki lakini likaendelea kuomba ruhusa London kuhusu namna ya kuandika maneno yake halijajitawala kikamilifu. Mwaka 1789 alichapisha insha za kuitetea hoja hiyo waziwazi: heshima ya nchi huru inadai utaratibu wake katika lugha kama inavyoudai katika serikali.

Kabla ya hapo, mamlaka ya maneno ilikuwa mikononi mwa Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1755. Webster alijibu kwa kamusi ndogo mwaka 1806, kisha kwa kamusi kubwa ya mwaka 1828, yenye maneno yapatayo 70,000, akiwa amekwisha kutimiza umri wa miaka 70. Humo ndimo "colour" ilipopoteza herufi moja na kuwa "color", na "centre" ikawa "center". Tahajia kadhaa kati ya hizo hakuzibuni yeye. Zilikuwa zikitumika huku na kule hata Uingereza kwenyewe. Alichokifanya ni kuchagua, na kuufanya uchaguzi huo kuwa alama ya taifa. Pale alipovuka mpaka, wananchi wake walimkatalia: alipopendekeza "tongue" iandikwe "tung" na "women" iandikwe "wimmen", pendekezo lake lilikufa. Hata mwanamapinduzi wa lugha hawezi kuwaburuta wasemaji wake hadi anakotaka.

Je, ni Wamarekani walioipotosha lugha ya Waingereza? Historia haikubaliani na madai hayo. Majira ambayo majani hupukutika, Mmarekani huyaita "fall". Neno hilo lilikuwa la kawaida Uingereza wakati walowezi walipovuka bahari katika karne ya 17; Waingereza ndio walioliacha baadaye na kubaki na "autumn". Ndivyo ilivyokuwa pia kwa umbo la kitenzi "gotten", ambalo Mwingereza wa leo huliona la kishamba, na kwa sauti ya herufi r mwishoni mwa maneno, ambayo Wamarekani wengi bado huitamka, ilhali Uingereza ya kusini iliidondosha kwa sehemu kubwa baada ya mataifa hayo kuachana. Aliyeondoka nyumbani alihifadhi vitu vya zamani. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyebadilisha samani.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 na tawala za kikoloni za Afrika Mashariki iliposimamia usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, Kimvita na Kiamu havikugeuka ghafla kuwa makosa. Vilikosa muhuri tu. Usanifu ni uamuzi, na kila uamuzi una mwamuzi.

Wamarekani waliendelea na safari hiyo hadi kwenye sheria. Mwaka 1923 jimbo la Illinois lilitunga sheria iliyotangaza kwamba lugha rasmi ya jimbo ni "Kimarekani". Sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1969, Kiingereza kiliporudishiwa jina lake. Katika miaka hiyo 46 watu wa Chicago hawakubadilisha namna ya kuagiza chakula wala ya kugombana. Lakini sheria hiyo inatuonyesha kwamba swali la Webster lilikuwa bado hai: je, anayesema lugha ya mtawala wake wa zamani ni huru kiasi gani?

Maneno yanayobeba katiba na tabaka

Tofauti zinazosumbua zaidi si za tahajia. "Color" na "colour" havimpotezi mtu. Hatari iko katika neno ambalo pande zote mbili hulitumia kwa kujiamini, kumbe kila upande umelijaza historia yake.

Chukua "public school". Kwa Mmarekani, hiyo ni shule ya umma: inagharimiwa kwa kodi na iko wazi kwa mtoto wa jirani yeyote. Nyuma ya maana hiyo kuna harakati za karne ya 19, hasa katika jimbo la Massachusetts, ambako Horace Mann alishika ukatibu wa bodi ya elimu mwaka 1837 na kupigania shule ya pamoja kwa watoto wa tajiri na wa maskini. Kwa Mwingereza, maneno hayo hayo yana maana ya shule ya kulipia, yenye ada kubwa, ambamo watawala wengi wa nchi hiyo walilelewa. Ziliitwa za umma kwa sababu zilipokea mtoto kutoka popote ilimradi mzazi ana fedha, tofauti na mtoto aliyefundishwa nyumbani na mwalimu wa kukodiwa. Sheria ya Bunge ya mwaka 1868 iliyohusu shule saba za aina hiyo ililitia jina hilo katika vitabu vya serikali. Eton, mojawapo ya shule hizo, ilianzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440 ikiwa na nafasi za wanafunzi maskini. Historia ndefu ya namna taasisi ya hisani inavyogeuka kuwa ngome ya wenye nacho imefichwa ndani ya maneno mawili.

Chukua pia neno "government". Mwingereza akisema serikali imeanguka, anasimulia tukio la kikatiba. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310 katika hoja ya kutokuwa na imani nayo. Ukaitishwa uchaguzi, na posta ikaendelea kugawa barua. Mmarekani akisikia kwamba serikali imeanguka, hudhani vifaru viko barabarani, kwa kuwa kwake neno hilo limebeba mfumo mzima: Rais, mabunge yake mawili na mahakama. Timu ya Rais huiita "administration". Kwa upande wake, Mwingereza hupata taabu kuelewa jinsi serikali ya nchi tajiri inavyoweza kufunga milango ya ofisi zake kwa siku 35, kama ilivyotokea Marekani kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, na Rais akabaki madarakani. Kiswahili kimetupatia maneno mawili, serikali na dola, lakini ni mara ngapi tunayachanganya katika mijadala yetu, hadi anayeikosoa serikali akaonekana kuwa adui wa dola?

Hata mkao wa mwanasiasa hutofautiana. Anayetaka ubunge Uingereza "husimama"; anayetaka kiti Marekani "hukimbia". Kwetu hatusimami wala hatukimbii, tunagombea. Kila taifa na lichunguze kitenzi chake.

Wageni milioni moja na nusu

Mtihani mkubwa wa udugu huu wa lugha ulikuja wakati wa vita. Kuanzia mwaka 1942 askari wa Marekani walianza kumiminika Uingereza, na kufikia Juni 1944 walikuwa kiasi cha milioni moja na nusu. Walikuta nchi iliyochoka, iliyopigwa mabomu, ambayo chakula chake kilikuwa kikitolewa kwa mgawo tangu Januari 1940. Serikali ya Marekani iliona hatari mapema, ikawachapishia askari wake kijitabu cha maelekezo. Kijitabu hicho ni somo zuri la historia ya jamii. Kiliwaeleza vijana kwamba ukimya wa Mwingereza ndani ya treni si chuki; kwamba askari wa Kimarekani analipwa zaidi ya mwenzake, hivyo asitambe kwa fedha; kwamba asimkejeli Mfalme; na kwamba maneno fulani yasiyo na uzito kwao ni matusi masikioni mwa wenyeji. Jeshi lililokuwa likijiandaa kuivamia Ulaya lilitumia karatasi na wino kuwafundisha watu wake namna ya kuongea na watu wanaozungumza lugha yao.

Wataalamu wawili walijaribu kwenda ndani zaidi: mwanaanthropolojia wa Kimarekani Margaret Mead na mumewe Gregory Bateson, aliyekuwa Mwingereza. Ndoa yao yenyewe ilikuwa aina ya maabara. Walieleza kwamba katika familia ya Kiingereza ya tabaka la kati, mzazi ndiye anayezungumza na kuonyesha, na mtoto hutazama. Katika familia ya Kimarekani, mtoto huhimizwa aonyeshe alichokiweza, na wazazi huwa watazamaji wanaoshangilia. Matokeo yake ni kwamba kwa Mwingereza, kusimama mbele ya hadhira ni kukaa katika nafasi ya mkubwa, na adabu ya mkubwa ni kujizuia, kushusha sauti na kupunguza uzito wa maneno. Kwa Mmarekani, kusimama mbele ya hadhira ni kukaa katika nafasi ya mtoto, na wajibu wa mtoto ni kutaja alichofanya bila kuficha. Basi Mwingereza akimsikia Mmarekani, husikia majigambo. Mmarekani akimsikia Mwingereza, husikia dharau. Kila mmoja ana adabu za kwao, na kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu.

Mtu anaweza kuutilia shaka ujumla wa maelezo hayo, kwani familia za wakulima na wafanyakazi hazikulelewa kama za tabaka la kati. Hata hivyo, yanatusaidia kuona kwamba kinachogongana mara nyingi si maneno, bali matarajio kuhusu nani anastahili kusema nini, mbele ya nani.

Mgongano mchungu zaidi ulihusu rangi. Jeshi la Marekani lilikuwa limetenganishwa kwa rangi, na lilivuka bahari pamoja na ubaguzi wake. Katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, kulikuwa na kikosi cha usafirishaji cha askari weusi. Inasimuliwa kwamba wakuu wa kijeshi wa Marekani walipotaka baa za hapo ziwabague askari kwa rangi, wenye baa walibandika matangazo yaliyosema kwamba wanawahudumia askari weusi peke yao. Usiku wa tarehe 24 Juni 1943, siku chache baada ya ghasia za rangi mjini Detroit, polisi wa kijeshi weupe walijaribu kuwakamata askari weusi ndani ya baa. Wenyeji waliokuwepo waliwatetea askari hao. Mzozo uliendelea nje na usiku kucha, risasi zikafyatuliwa, na askari mmoja mweusi, William Crossland, akauawa. Zaidi ya askari 30 walitiwa hatiani kwa uasi, ingawa adhabu zao zilipunguzwa baadaye.

Polisi wale waliona utaratibu unavunjwa. Wanakijiji waliona wageni wenye heshima wanaonewa katika mahali pa starehe pa kijiji chao. Neno "utaratibu" lilikuwa moja, lakini mmoja aliliunganisha na rangi ya ngozi na mwingine na tabia ya mteja.

Ingekuwa vyema kuishia hapo na kuwasifu Waingereza, lakini mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Baraza la mawaziri la Uingereza lililijadili suala hilo Oktoba 1942, likachagua njia ya katikati: mamlaka za Uingereza zisiwasaidie Wamarekani kutekeleza ubaguzi wao, ila wananchi wakumbushwe kuzingatia hisia za wageni. Na wakati wanakijiji wa Lancashire wakinywa bia na askari weusi wa Marekani, nyanda za juu za Kenya zilikuwa zimetengwa kwa walowezi wa Kizungu chini ya bendera ile ile ya Uingereza, huku vijana wa Afrika Mashariki wakienda kuipigania Burma katika sare za King's African Rifles. Mwingereza hakuhitaji kuandika ubaguzi kwenye mlango wa baa ya kijijini kwake kwa sababu alikuwa ameupeleka mbali. Mmarekani aliishi nao nyumbani, kwa sheria zenye majina. Hizo zilikuwa lahaja mbili za dhuluma moja, na mtu mweusi alilazimika kuzijua zote mbili.

"Kidogo" iliyogharimu kikosi

Miaka minane baadaye, mataifa hayo yalipigana tena bega kwa bega, safari hii Korea. Usiku wa tarehe 22 Aprili 1951 majeshi ya China yalianza mashambulizi makubwa, na brigedi ya 29 ya Uingereza ikajikuta inaulinda Mto Imjin dhidi ya adui aliyeizidi mno kwa idadi. Brigedi hiyo ilikuwa chini ya divisheni ya Kimarekani. Kwa mujibu wa simulizi mashuhuri ya mapigano hayo, Brigedia Tom Brodie alipoulizwa hali na Jenerali Robert Soule, alijibu kwa maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyafasiri hivi: mambo yamekuwa magumu kidogo. Ofisa yeyote wa Kiingereza angesikia ndani ya "kidogo" hiyo kilio cha mtu anayezama. Jenerali wa Kimarekani alisikia "kidogo", akaelewa kidogo: watu wapo matatani, lakini wanamudu. Amri iliyofuata ilikuwa kwamba washikilie walipo.

Batalioni ya kikosi cha Gloucestershire ilizingirwa juu ya kilima, na hadi tarehe 25 Aprili ilikuwa imekwisha. Zaidi ya 500 kati ya askari wake walitekwa, wengi wao wakakaa utumwani hadi vita vilipokoma mwaka 1953. Waliofanikiwa kujipenyeza na kurudi upande wao walikuwa wachache sana. Uadilifu unanidai niseme kwamba wanahistoria wa kijeshi wanataja sababu nyingine pia: mstari wa ulinzi ulikuwa mrefu kuliko idadi ya watu, na kulikuwa na mapengo kati ya vikosi. Sentensi moja haiangamizi batalioni peke yake. Lakini sentensi iliyoeleweka kinyume, ikishuka kwa ngazi za amri, hugeuka agizo, na agizo hutekelezwa na miili ya watu ambao hawakuwepo katika mazungumzo.

Mswahili anapaswa kulielewa hili kuliko wengi. Mtu wetu akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo" hata akiwa na homa. Ukweli huja baadaye, baada ya habari za watoto na za kazi, ukitanguliwa na neno "lakini". Mgeni asiyejua kuisubiri "lakini" hiyo ataondoka akiandika katika ripoti yake kwamba kijiji kizima ni kizima.

Nani aliyehamisha sufuri?

Tofauti za lugha haziishi kwa maelewano ya kirafiki tu; nyingine huisha kwa sababu upande mmoja umezidiwa nguvu. Kwa muda mrefu bilioni ya Waingereza ilikuwa milioni mara milioni, yaani moja yenye sufuri 12, na bilioni ya Wamarekani ilikuwa milioni elfu moja, yenye sufuri tisa. Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilieleza Bunge kwamba serikali yake ingelitumia neno hilo kwa maana ya Kimarekani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeenea kimataifa.

Siwezi kuutenganisha uamuzi huo na miaka iliyoutangulia. Mwaka 1946 Uingereza, mshindi wa vita aliyefilisika, ilipata kutoka Marekani mkopo wa dola bilioni 3.75, deni ambalo ilimaliza kulilipa mwishoni mwa mwaka 2006. Mwaka 1956, katika mgogoro wa Suez, shinikizo la fedha kutoka Washington liliilazimisha London kurudi nyuma. Taifa ambalo mahesabu yake yanakaguliwa na mwingine haliwezi kuendelea kuhesabu kwa namba zake binafsi. Mwaka 1783 Webster alikuwa akipigania haki ya koloni la zamani kutomfuata mtawala; mwaka 1974 mtawala wa zamani alilifuata koloni lake. Nasi leo tunaposoma bajeti yetu kwa mabilioni ya shilingi, ni sufuri tisa tunazozihesabu. Ni maana ya Kimarekani iliyoingia katika vitabu vyetu.

Fungu letu katika ugomvi wa wengine

Kiswahili kimehifadhi upande wa Waingereza katika sehemu nyingi, na ushahidi uko gereji. Fundi wetu hufungua boneti na buti, hushika spana, huuliza kama kuna petroli, na hulitengeneza lori. Kama walioleta magari hapa wangekuwa Wamarekani, takriban maneno hayo yote yangekuwa mengine. Dar es Salaam mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, neno lililozaliwa kutokana na amri iliyoandikwa kwenye kibao cha Waingereza: shika kushoto. Tumeigeuza amri kuwa jina la mahali. Wakati huo huo, kompyuta nyingi zilizomo maofisini mwetu huja na tahajia ya Kimarekani, na kijana anayeandika tasnifu huambiwa na mashine kwamba amekosea pale ambapo mwalimu wake wa sekondari alimpa alama ya vema.

Kwa mtumishi wa umma, suala hili si la ladha. Tarehe iliyoandikwa 03/04 katika mkataba ni Aprili 3 kwa Mwingereza na ni Machi 4 kwa Mmarekani; kati ya siku hizo mbili kuna muda wa kutosha kupoteza haki ya rufaa au kudaiwa faini ya ucheleweshaji. Mwandishi wa mkataba na auandike mwezi kwa herufi, na afafanue istilahi katika kifungu cha mwanzo hata kama pande zote zinajisifu kwa Kiingereza fasaha. Kwa mwanaharakati anayepeleka andiko la mradi, ni muhimu ajue kwamba sifa za upole za ofisa wa London zinaweza kuwa njia ya heshima ya kusema hapana, na kwamba shangwe za ofisa wa Washington zinaweza zisiwe ahadi ya fedha. Aulize: je, hatua inayofuata ni ipi, na tarehe gani? Kwa mwanafunzi, ninachosisitiza ni kwamba asipoteze usingizi akitafuta Kiingereza kimoja kilicho safi. Achague mtindo mmoja, awe mwaminifu kwake, na ajue umetoka katika historia ipi.

Na tusidhani kwamba Kiswahili kitatukinga sisi. Mkenya akikutambulisha kwa bibi yake, huenda anakutambulisha kwa mkewe. Mtanzania hukutambulisha kwa mama wa mzazi wake. Mtanzania husema "naomba maji" hata pale anapolipia, na Mkenya husema "nipe maji" bila kukusudia ukali wowote. Mmoja huonekana mnyenyekevu kupita kiasi, mwingine huonekana jeuri. Tunakutana katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki tukiamini kwamba lugha imekwisha kutuunganisha. Imetupatia mlango, na hilo si jambo dogo. Lakini kuunga mkono hoja, kuahirisha hoja, ardhi ya umma, mwananchi, mgeni: haya ni maneno ambayo kila nchi kati ya zetu imeyajaza sheria zake na majeraha yake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wakuu wa kijeshi waliobishana juu ya waraka walikuwa na kila kitu isipokuwa ujasiri wa kuuliza swali la mtoto wa darasa la kwanza: unaposema hivyo, una maana gani? Walipoliuliza, mvutano ulikwisha. Pale Imjin halikuulizwa. Kwa hiyo katika kikao chako kijacho, hasa kile ambacho kila mtu anatikisa kichwa kwa kukubali, kuwa wewe wa kuliuliza swali hilo kabla kumbukumbu hazijatiwa saini.